Mwenye Bunduki Nyingi na Mkusanyaji wa Bunduki: Silaha katika Bonde la Chini la Mto Ruvuma tangu Karne ya 19

Katika Kiswahili cha Tanzania, kitenzi "kukusanya" kikitangulia neno "silaha" humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye fikra ya dola. Anayekusanya silaha ni polisi, ni jeshi lililoshinda vita, au ni waasi wanaojiandaa kuanzisha vita. Asiyekuja akilini kabisa ni mtu binafsi anayezitafuta bunduki kwa kuzipenda, akazipanga ukutani, akajua kila moja ilitoka kiwanda gani na mwaka gani. Mtu wa namna hiyo yuko Ulaya na Marekani, na huko ana vyama vyake, minada yake na vifungu vyake vya sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inampa leseni ya peke yake. Bunduki iliyotimiza miaka 50 yaweza kuingia katika kundi la vitu vya kale anavyoruhusiwa kuvitafuta, na ile iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo haihesabiwi tena kuwa bunduki mbele ya sheria hiyo.

Swali la ni lini mwenye bunduki kadhaa anageuka kuwa mkusanyaji huulizwa zaidi huko, na mara nyingi hujibiwa kwa idadi: tano, kumi, ishirini. Insha hii inalihamishia swali hilo Mahurunga, kata ya Mtwara Vijijini iliyo kwenye ukingo wa kaskazini wa Ruvuma, ikitazamana na jimbo la Cabo Delgado la Msumbiji. Bunduki zimepita katika bonde hili kwa wingi kwa zaidi ya miaka 150. Walikuwapo watu waliomiliki bunduki nyingi kuliko mkusanyaji yeyote wa kawaida wa leo, na bado hawakuwa wakusanyaji. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba idadi haikuwa na neno. Mkusanyaji alizaliwa pale bunduki ilipoondolewa katika mzunguko wa kupeana, na katika pwani hii walioiondoa hawakuwa wenyeji.

Majina ya bunduki

Ushahidi wa kwanza uko ndani ya lugha. Kamusi za zamani za Kiswahili zimehifadhi majina yanayoonyesha kwamba watu wa pwani walizifahamu bunduki kwa undani wa kitaalamu. Ilikuwapo bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Ikafuata bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Kisha ikaja bunduki ya fataki, na mwishoni bunduki ya viasi, inayojazwa nyuma kwa risasi zilizokamilika. Sehemu zake nazo zilikuwa na majina: mtutu, mtambo, kitako, mdeki.

Mkusanyaji wa Ulaya angeipokea orodha hiyo kwa furaha, kwa kuwa inalingana karibu kabisa na mpangilio anaoufuata mwenyewe. Lakini tofauti moja ni kubwa. Mkusanyaji huita bunduki kwa jina la aliyeitengeneza, kwa mji wa kiwanda, kwa mwaka. Mswahili aliiita kwa jina la kile inachokula. Mrao, jiwe la gumegume, fataki na viasi ni vitu ambavyo mwenye bunduki alilazimika kuvitafuta sokoni ili chombo chake kifanye kazi. Mwenye gumegume angeweza kuokota jiwe na kununua baruti ya kawaida. Mwenye bunduki ya viasi alikuwa mateka wa yule anayemuuzia viasi. Majina hayo, kwa hiyo, yanapima utegemezi. Ni elimu ya mtumiaji, na mtumiaji huyo hakuwa mjinga hata kidogo, ingawa wasafiri kadhaa wa Kizungu walimdhihaki kwa kubeba "vyuma chakavu".

Waliopita Ruvuma walijua kwamba vyuma hivyo vilifyatua. David Livingstone alipopanda mto huo kwa mashua mwaka 1862, msafara wake ulishambuliwa kwa mishale na kwa bunduki, na risasi zikatoboa matanga. Miaka minne baadaye alishuka Mikindani akaelekea bara kwa miguu.

Bunduki na watu

Kati ya miaka ya 1860 na 1888 biashara ya silaha kupitia Zanzibar ilikua kwa kasi isiyo na mfano. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha bunduki zao kila baada ya miaka michache, na zile zilizoachwa zilihitaji mnunuzi. Mwaka 1888 Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Makadirio ya kibalozi yana shauku zake, na huyu alikuwa na sababu ya kutaka biashara hiyo izuiwe. Hata hivyo, R. W. Beachey, aliyeichunguza biashara hiyo katika miaka ya 1960, hakuona kwamba ilikuwa ndogo.

Pwani ya kusini ililipia bunduki zake kwa pembe za ndovu, kwa watumwa, na kwa mazao ya msituni: sandarusi, na mpira wa porini uliogemwa kwenye uwanda wa Makonde na kuteremshwa Lindi na Mikindani. Mazao ya msituni yalikuwa na matokeo yake ya kijamii. Pembe ilihitaji fundi wa kuwinda na mkuu wa kumlinda, ilhali mpira uligemwa na mtu yeyote mwenye kisu na subira. Kwa njia hiyo bunduki ilifika hata mikononi mwa watu wasiokuwa wakuu.

Ni nini kilimtofautisha mkuu, basi? Alikuwa na bunduki nyingi, lakini hazikukaa kwake. Jambo hili ndilo linalopotea pale mwanahistoria anapohesabu tu. Bunduki 100 za mkuu wa Kiyao au za tajiri wa msafara zilikuwa mikononi mwa watu 100: vijana wa ukoo, wakwe, wageni walioomba hifadhi, na hata watumwa waliopewa silaha na kuaminiwa nayo. Aliyepewa bunduki aliwinda, akaleta pembe, akapata fungu lake. Siku ya vita aliitika. Bunduki iliyobaki ndani bila mtu wa kuibeba ilikuwa hasara, kama jembe lisilolima. Ndiyo maana utajiri wa mtu ulitajwa kwa watu wake kabla ya kutajwa kwa vitu vyake. Mwenye bunduki nyingi alikuwa, kwa maana halisi, mwenye watu wengi.

Tippu Tip ni mfano uliokuzwa wa hali hiyohiyo. Yeye mwenyewe aliihusisha lakabu yake na mlio wa bunduki, na misafara yake ilikuwa na maelfu ya watu wenye silaha. Lakini mwaka 1887, alipokubaliana na Stanley kumpatia wapagazi 600 kwa ajili ya safari ya kumwokoa Emin Pasha, mgogoro uliozuka baina yao ulihusu baruti. Stanley alitakiwa kuitoa, haikufika, wapagazi nao hawakufika kwa wakati. Mtu mwenye bunduki nyingi kuliko wote katika bara zima alikuwa akisubiri vijipipa vya unga mweusi. Hali hiyo inaeleza zaidi kuliko hesabu yoyote: bunduki bila baruti na bila mtu ilikuwa gogo. Mkusanyaji wa leo, kinyume chake, hupendelea bunduki isiyofyatuliwa, na huilipia zaidi ikiwa haijawahi kutumika.

Haisemwi hapa kwamba uzuri haukuthaminiwa. Waomani wa Zanzibar na Maskati walikuwa na bunduki za utambi zenye mitutu iliyozungushiwa pete za fedha, na bunduki ya namna hiyo ilikuwa fahari ya nyumba. Lakini fahari hiyo nayo ilitembea: ilibebwa kwenye harusi, ikafyatuliwa sikukuu, ikatolewa zawadi kwa mgeni wa heshima.

Karatasi ya Brussels

Mnamo Septemba 1888 miji ya pwani iliinuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mikindani na Lindi Wajerumani walikimbia. Kilwa wawili waliuawa. Desemba mwaka huohuo Uingereza na Ujerumani zilianza kuizingira pwani kwa meli, na Ureno ikaunga mkono upande wake wa kusini. Silaha zilizuiwa kuingia na watumwa kutoka. Wissmann aliitwaa tena miji ya kusini mwezi Mei 1890. Miezi miwili baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels.

Mkataba huo hukumbukwa zaidi kwa vifungu vya kukomesha biashara ya watumwa. Kwa mada hii, vifungu vya silaha vina uzito zaidi. Vilihusu eneo lote kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, pamoja na visiwa vilivyo karibu na pwani. Bunduki za kisasa zilipigwa marufuku kuingizwa ila kwa kibali. Zilizoingia ziliwekwa katika maghala ya serikali. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliruhusiwa kuuzwa chini ya usimamizi. Mtu binafsi aliweza kupewa silaha bora, kwa sharti kwamba atoe dhamana ya kutosha kuwa hataigawa, hataihamisha wala hataiuza kwa mtu mwingine.

Sharti hilo linastahili kusomwa polepole. Kwa mwandishi wa Brussels, mwenye bunduki mwaminifu ni yule asiyeitoa. Kwa mkuu wa Ruvuma, mwenye bunduki wa maana ni yule anayeitoa. Kile ambacho upande mmoja uliona kuwa ni uaminifu, upande wa pili uliona kuwa ni uchoyo. Kwa sentensi moja ya kisheria bunduki ilifungwa kwa mtu mmoja, ikapewa alama na nafasi katika daftari, na mzunguko wa kupeana ukawa kosa. Bunduki iliyokatazwa kutoka mikononi mwa mwenyewe tayari imekwisha kufanana na kitu cha kukusanywa. Hata ghala la serikali, lenye silaha zilizopangwa na kuandikwa kila moja mahali pake, linafanana mno na chumba cha mkusanyaji.

Machemba, mkuu wa Kiyao aliyekaa Luagala kwenye uwanda wa Makonde, alilielewa jambo hili mapema. Mwaka huohuo wa 1890 alimwandikia Wissmann, kwa Kiswahili, barua ambayo wanahistoria wameirejelea mara nyingi: biashara na urafiki hakuvikataa, utii alikataa. Aliendelea kuwasumbua Wajerumani hadi mwaka 1899, alipovuka kwenda upande wa Wareno. Mtawala wa aina yake hakuweza kuzisalimisha bunduki akabaki mtawala, kwa sababu zilikuwa ndiyo nyuzi zilizomfunga yeye na watu wake.

Wakusanyaji wa kwanza

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Matumbi na kuenea hadi nyuma ya Lindi, Masasi na Songea. Imani ya maji yaliyozigeuza risasi kuwa maji imeandikwa sana, na si lazima irudiwe. Kinachopasa kuangaliwa ni mwisho wa vita. Kusalimisha silaha kulikuwa miongoni mwa masharti ya amani, pamoja na kuwatoa viongozi. Bunduki, mikuki na pinde vilirundikwa mbele ya boma. Ndipo kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanzania silaha za aina zote ziliposimama pamoja bila watu wake.

Mwaka 1906, moshi wa vita ukiwa haujatulia, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig aliwasili Lindi. Alikusudia kwenda kwingine, lakini hali ya nchi ilimwelekeza kusini. Alizunguka Masasi, Newala na uwanda wa Makonde akinunua vinyago, vyombo na zana, akipiga picha na kurekodi sauti. Mwaka uliofuata akawa mkurugenzi wa jumba lake. Weule alikuwa mkusanyaji kwa kila kipimo: alitafuta, alichagua, aliandika lebo, alisafirisha. Katika nchi iliyoshindwa bei ya vitu huwa ndogo, na mwenye kuuza hana nafasi kubwa ya kukataa. Vitu vilivyotekwa katika vita hivyo viliingia pia katika Jumba la Makumbusho ya Ethnolojia la Berlin, na asili yake imeanza kuchunguzwa kwa dhati katika miaka ya karibuni tu, kwa ushirikiano na watafiti wa Tanzania.

Boma na jumba la makumbusho, basi, vilifanya kazi moja kwa vitabu viwili tofauti. Katika kitabu cha boma silaha ilikuwa ushahidi wa utii, na katika kile cha makumbusho ilikuwa kielelezo cha utamaduni. Mwenye silaha hakuandikwa katika chochote kati ya hivyo, jambo ambalo leo linawapa watafiti taabu kubwa.

Vita vilivyopita mtoni

Vita vya Kwanza vya Dunia vililijaza bonde la Ruvuma silaha za mataifa manne. Wareno waliitwaa Kionga, kusini mwa mlango wa mto, mwezi Aprili 1916. Baadaye mwaka huo wakavuka, wakafika Newala, wakafukuzwa. Kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa zimeianza vita hiyo na bunduki ya mwaka 1871, ambayo baruti yake ilitoa wingu la moshi na kumfichua mfyatuaji. Tarehe 25 Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma karibu na Ngomano, akaiteka ngome ya Wareno pamoja na shehena yake, na askari wake wakabadilisha bunduki palepale.

Mwaka mmoja baadaye, aliposalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, orodha ya silaha zake ilikuwa na mzinga mmoja wa Kireno, bunduki za rashasha 37 ambazo 7 tu zilikuwa za Kijerumani, na bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Kwa macho ya mnada wa London au Marekani huo ni mkusanyiko wa ajabu. Kwa macho ya askari wa Kiyao au Kimanyema aliyeubeba kwa miguu, zilikuwa bunduki ambazo risasi zake zilikuwa zikipatikana kwa adui. Kanuni ya gumegume na fataki ilikuwa ingali hai: silaha ni ile unayoweza kuilisha.

Kanuni hiyo ilirudi tena mwaka 1964. Tarehe 25 Septemba FRELIMO ilianza vita Cabo Delgado, na silaha kutoka China na nchi za kambi ya Urusi zilipita Tanzania, kupitia Nachingwea na Mtwara, kuvuka mto. Kwa miaka kumi vijiji vya ukingoni vilikaa kandokando ya njia ya silaha nyingi ambazo hazikuwa zao. Hapa pia idadi ilikuwa kubwa na wakusanyaji hawakuwapo. Bunduki zilikuwa na mahali pa kwenda.

Gobole

Kilichobaki mikononi mwa wanavijiji ni gobole. Hufuliwa na mafundi wa kienyeji kwa chuma kinachopatikana, hujazwa mdomoni kwa baruti, na hutumika dhidi ya nguruwe pori wanaoharibu mashamba, au dhidi ya tembo, hapo likigeuka kuwa chombo cha ujangili. Kwa ujenzi wake ni ndugu wa bunduki ya fataki ya mwaka 1870. Lau lingekuwa limetengenezwa Birmingham mwaka huo, sheria ya Marekani ingeliweka katika vitu vya kale. Limetengenezwa kijijini mwaka jana, kwa hiyo ni silaha haramu, na mahakama za Tanzania zimewafunga watu wengi kwa kupatikana nalo bila kibali.

Haifai kuilaumu mahakama kwa haraka. Gobole linaua, na Oktoba 2020 wapiganaji waliovuka kutoka Cabo Delgado walishambulia Kitaya, kijiji kingine cha ukingo wa Ruvuma, wakaua na kuchoma nyumba. Katika mpaka wa namna hiyo serikali haiwezi kuziacha silaha zisizo na daftari. Kasoro iko kwingine. Sheria ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, imejengwa juu ya msingi uleule wa Brussels: mtu mmoja, kibali kimoja, silaha isiyohamishika. Bunduki ya marehemu hairithiwi kama mkorosho. Mrithi anapaswa kuifikisha kwa mamlaka. Serikali ilipotoa msamaha mwaka 2022 kwa watakaosalimisha silaha bila kushtakiwa, iliokoa maisha ya watu, bila shaka. Lakini mtutu wenye kutu wa babu aliyewinda wakati wa Mjerumani na bomba lililofuliwa na mjangili huingia mlango mmoja, na kinachofuata kwa kawaida ni kuteketezwa. Mwanahistoria anayetaka kuujua mtambo, alama ya ghala la Kijerumani au jina lililochorwa kwenye kitako hufika wakati majivu yamepoa. Afisa wa makumbusho mwenye daftari, akikaa meza moja na polisi kwa siku chache kila msamaha unapotangazwa, angeweza kuuandika urithi huo bila kuilegeza sheria hata kidogo, huku silaha yenyewe ikiharibiwa mtambo isifyatuke tena.

Msumbiji ilichagua njia nyingine. Kuanzia mwaka 1995, Baraza la Kikristo la nchi hiyo, kwa uongozi wa Askofu Dinis Sengulane, liliwapa watu majembe, baiskeli na cherehani kwa kubadilishana na silaha za vita vilivyokwisha mwaka 1992. Silaha hizo zilikatwakatwa, na wasanii wakapewa vipande. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, anayejulikana kwa jina la Kester, aliunda kiti cha enzi kwa vipande hivyo, na sasa kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Mle ndani mna bunduki za Ureno, za Ulaya Mashariki na za Korea Kaskazini, kila moja na asili yake imetajwa. Hakuna hata moja iliyotengenezwa Afrika.